Uhandisi wa kioo: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimemaliza kidato cha 6 kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, nami naishi Mkuranga, mkoani Pwani, ambako kiwanda cha vioo bapa kilizinduliwa mwaka 2023. Nataka kuwa mhandisi wa kioo, lakini katika mwongozo wa udahili sioni shahada yenye jina hilo, na baba anasema kazi ya vioo ni kukata na kufunga madirishani, wala haihitaji chuo kikuu. Nianzie wapi?
Binti wa Mkuranga

JIBU: Marahaba, binti yetu. Baba yako anamzungumzia fundi, ambaye kazi yake huanza kioo kikiwa tayari. Mhandisi hushughulika na yanayotangulia, pale mchanga, chokaa na magadi (ndugu wa yale tunayotia kwenye maharage) vinapoyeyushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Na kwa kuwa tanuri hilo likishawashwa huendelea kuwaka usiku na mchana kwa miaka 10 au zaidi, kosa la kipimo lililofanyika alfajiri huonekana katika kioo kinachotoka siku inayofuata.

Shahada yenye jina hilo ni adimu hata ughaibuni. Alfred University, jimboni New York, inayo. Sheffield, Uingereza, ilianzisha idara ya teknolojia ya kioo mwaka 1915, ingawa leo somo hilo limeingizwa ndani ya uhandisi wa maada. Kwa hiyo usilitafute jina. Omba uhandisi wa kemikali na uchakataji katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu joto, mwako na mabadiliko ya kikemikali ndiyo kiini cha kazi ya tanuri. Uhandisi mitambo nao una nafasi, hasa kwenye mashine za kufinyanga chupa, ila kwa mtu anayekitaka kioo chenyewe, mimi ningeuweka wa pili.

Litakalokutofautisha na wenzako ni mafunzo kwa vitendo. Andika barua mapema, kwa kiwanda cha hapo kwenu na kwa Kioo Limited cha Dar es Salaam kinachotengeneza chupa, na ukipokelewa usikubali kukalishwa ofisini kupanga mafaili: omba zamu ya tanuri na ya maabara ya ubora. Huko utaona, kwa mfano, jinsi kipande cha kikombe cha udongo kilichojipenyeza katika chupa chakavu zinazoyeyushwa upya kinavyokataa kuyeyuka, kikabaki ndani ya chupa mpya kama kijiwe cheupe. Na kwa kuwa kijiwe na kioo havisinyai kwa kiasi kimoja vinapopoa, ufa huanzia hapo hapo. Kukitambua kijiwe hicho, kukifuatilia hadi kwenye lundo kilikotoka, kisha kumshawishi msimamizi abadili namna ya kuchambua chupa, ndiyo kazi yenyewe.

Ukishahitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo ya miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu kabla ya usajili kamili. Uingie mapema, usingoje hadi ajira ya kudumu ipatikane. Maneno machache ya Kichina nayo hayatakudhuru, maana wawekezaji wa hapo Mkuranga wametoka China.

Wakati unasubiri majibu ya udahili, azima miwani ya jua ya aina ya polaroidi (ile inayochuja mng'ao), uivae asubuhi au jioni, kisha utazame kioo cha nyuma cha gari huku ukiinamisha kichwa kidogo kidogo. Utaona madoa yaliyojipanga kwa safu, ambayo ni alama za mkazo ulioachwa na hewa baridi iliyopulizwa juu ya kioo kikiwa bado cha moto, ili kikivunjika kigeuke punje badala ya visu. Mwonyeshe na baba.