Kwa Mnaoanza Kumsaka Zodiac: Msiniletee Majina

Jumapili iliyopita walifika barazani kwangu, hapa Shangani mjini Mtwara, vijana wawili wasiojuana, kila mmoja na daftari lake na jina la Zodiac, muuaji wa California asiyejulikana hadi leo, aliyeyatumia magazeti barua na mafumbo ya alama; jina hilo kalitoa kwenye lile fumbo la alama 13, ambalo muuaji alidai limebeba jina lake. Majina yalikuwa mawili, fumbo ni lile lile, na wote wawili walikuwa na hakika kiasi cha kuiacha chai ipoe. Sikuwacheka, kwa kuwa mwaka 2020 mimi nilikuwa mbaya kuliko wao. Nawaandikieni haya, wadogo zangu, ili nisiyarudie kila wiki.

1. Anzeni na taarifa za polisi, si na barua zake. Katika barua ya mwaka 1974 alijigamba kwamba ameua watu 37, lakini waliothibitishwa ni watano waliokufa na wawili walionusurika, kati ya tarehe 20 Desemba 1968 na 11 Oktoba 1969. Mtu asiyejua saa wala mpangilio wa tukio la Ziwa Berryessa, mojawapo ya mashambulizi yake, asiniletee mauaji ya 1972.

2. Kosa dogo lipeni uzito wake. Usiku alipouawa dereva wa teksi mjini San Francisco, redio ya polisi ilitangaza kwa makosa kwamba anayetafutwa ni mtu mweusi, na askari wa doria wakampita mzungu aliyekuwa akitembea zake mitaa ya karibu. Nikilifikiria hilo usiku, usingizi huruka.

3. Arthur Leigh Allen, mtu aliyeshukiwa zaidi, alikufa mwaka 1992 bila kushitakiwa, na alama za vidole hazikumfunga. Mkitaka kumfufua, njooni na kitu kipya.

4. Hapa ndipo penye aibu yangu, nanyi mnivumilie. Fumbo lake la alama 340 lilitumwa gazetini Novemba 1969, mistari 20 ya alama 17, na miaka 50 ilipita bila mtu kulifumbua. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mimi mwalimu wa hesabu nikawa sina kipindi cha kufundisha wala pa kwenda, nikalibandika ukutani juu ya kitanda. Nikajiruhusu mambo matatu: alama moja isimame badala ya herufi mbili, alama inayonisumbua niiite chambo na kuiruka, na herufi za mstari zipangwe upya mpaka neno litokee. Kufikia Mei nilikuwa na ungamo kamili la Kiingereza, lenye jina la mtu na la mtaa wake.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuja kuchukua mazoezi, aliniomba nimweleze kanuni hizo, nami nikamweleza kwa majivuno. Akaketi mkekani na penseli, na kabla ya adhana ya adhuhuri akanionyesha alichokitoa kwenye mistari miwili ya kwanza: BIBI ANAUZA MIHOGO MIKINDANI. Alama tisa zilizobaki aliziita chambo. “Mwalimu,” akasema kwa adabu, “kanuni zako zimekubali.” Nilimwambia akamalizie vipeo.

Mwezi wa sita Mama, aliyeko Newala, alinitumia kwa simu fedha za mifuko mitano ya salfa ya mikorosho. Nilizitumia kuchapisha kijitabu cha kurasa 60, nakala 30 zenye jalada la rangi, nikijiambia kwamba nitazirudisha mshahara ukiingia. Mshahara uliingia ukatoka. Salfa ilimfikia mwishoni mwa Julai, mashada ya maua yakiwa tayari meupe kwa ugonjwa wa ubwiriunga, na kupuliza wakati huo ni sawa na kumpaka dawa maiti. Shamba lililozoea kutupa magunia 11 lilitupa manne.

Katikati ya Desemba tulikuwa kwenye ghala la chama cha msingi, tukisubiri manne hayo yapimwe, nilipoona kwenye simu kwamba lile la 340 limefumbuliwa. David Oranchak wa Marekani, Sam Blake wa Australia na Jarl Van Eycke wa Ubelgiji walikuwa wamepitisha kwenye kompyuta njia zipatazo 650,000 za kulisoma, wakagundua kwamba limegawanywa vipande na kwamba herufi zake zinafuatwa kwa mshazari, hatua moja chini na mbili kulia. FBI ilithibitisha. Ujumbe wenyewe hauna jina la mtu yeyote: anawakejeli wanaomtafuta, anakana kwamba ndiye aliyepiga simu kwenye kipindi cha televisheni, na anasema haogopi chumba cha gesi. Niliulinganisha na ungamo langu mstari kwa mstari, nimeegemea magunia, nikakuta havina undugu wowote.

Mama akaniuliza kwa nini natokwa na jasho kivulini. Nikamwambia yote, ya salfa na ya kijitabu. Alinyamaza mpaka mzani ukafika zamu yetu, kisha akauliza jambo moja tu: huyo mtu niliyemwandika kuwa ni muuaji, ana watoto? Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nakala nilizokuwa nimezigawa ni 12. Nilizunguka mji mzima kuzirudisha, nikapata 11, na ile iliyobaki sijui iko nyumbani kwa nani hadi leo.

5. Andikeni kanuni zenu kabla ya kugusa fumbo, na msiziongeze katikati. Mkimaliza, mpeni mwenzenu ufunguo bila jibu. Akilifikia jibu lenu peke yake, njooni hata usiku wa manane, nitaamka. Ama lile la 13, alama zake ni chache mno kiasi kwamba jina lako, la jirani na la mwenye duka yote yanaweza kulazimishwa humo.

6. Fedha ya shamba isiguswe. Kila mwezi wa tano Mama hunipigia simu kuniuliza kama kuna fumbo jipya, nami humjibu kwamba hakuna, naye husema vizuri, kisha fedha za salfa humtumia mdogo wangu.