4350 Ipi, Mwanangu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, niko Boise, Idaho, mwaka wa nne sasa. Jamaa wa kazini amenifundisha kuwinda kulungu wa huku, na mwaka huu nimenunua vifaa vya kujazia risasi mwenyewe. Bunduki yangu ni .30-06, vichwa vya grein 180 (grein ni kipimo kidogo cha uzito), baruti 4350. Nina vitabu viwili vya vipimo, kimoja kipya, kingine cha zamani nilichookota kwenye mnada wa gereji. Kwenye kipimo cha juu cha baruti vinapishana zaidi ya grein 2. Nimeona nichukue wastani. Niko sawa?

JIBU: Marahaba. Hauko sawa, na nakuomba usijaze hata moja kabla hujaniambia: 4350 ipi?

Tarakimu ulizoandika nimezifuta makusudi. Gazeti si kitabu cha vipimo. Mpiga chapa akigeuza 54 ikawa 45, au kinyume chake, lawama zitanifuata kaburini.

Tuje kwenye kopo lako. Kuna IMR 4350, kuna H4350 ya Hodgdon, na kuna Accurate 4350. Namba moja, baruti tatu, na haziungui kwa kasi moja. Ni kama kuingia mtaani kwetu Tanga ukamwulizia Juma: wataitika watatu, na mmoja tu ndiye mwenye deni lako. Hata 4831 na 4895 zina mchezo huohuo, maana mzee Bruce Hodgdon alianza biashara kwa kuuza baruti ya jeshi iliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na majina ya kijeshi yakabaki. Kwa hiyo soma herufi kwanza, namba baadaye. Huenda vitabu vyako havibishani kabisa; kila kimoja kinamsema Juma wake.

Herufi zikilingana, tazama kichwa. Kiswahili chetu kinatuponza hapa: risasi ni madini, ni kichwa kinachoruka, na ni kitu kizima unachokitia chemba. Nikisema kichwa, nina maana ya kile kinachotoka mtutuni. Grein 180 ni uzito tu, haisemi umbo. Niliwahi kuweka viwili mezani, kimoja chenye moyo wa madini ya risasi, kingine cha shaba nyekundu tupu. Mizani ikasema ni sawasawa. Lakini shaba ni nyepesi kuliko risasi, hivyo ili kufikisha uzito ule kile cha shaba kilikuwa kirefu zaidi. Urefu huo ukizama ndani ya ganda unakula nafasi ya baruti, na nafasi ikipungua shinikizo linapanda. Basi kama kitabu kimoja kilijaribu kichwa cha shaba na kingine cha risasi, wastani wao ni sawa na wastani wa dozi ya mtoto na ya mtu mzima. Utamfaa nani?

Tazama pia ganda na fataki (kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) walizotumia. Kitabu cha maana huziandika, pamoja na urefu wa mtutu wa majaribio. Somo la ganda nililipata kwa fedheha. Nilikuwa na bunduki ya .308, nikaokota maganda ya jeshi uwanjani, nikayajaza kipimo nilichozoea kwenye maganda ya dukani. Risasi ya tatu, bolti, yaani komeo la chemba, ikagoma kufunguka. Nilirudi nyumbani nikapima maganda matupu: la jeshi lilizidi la dukani kwa karibu grein 20. Shaba ya ziada iko ndani, kwenye ukuta wa ganda. Kipimo changu kilikuwa halali kitabuni, ila si kwa maganda yale.

Kuhusu kitabu cha zamani: ukiona shinikizo la .30-06 limeandikwa 50,000 CUP na kipya kinasema 60,000 psi, vyote vikiwa vizio vya shinikizo, usidhani wakubwa wameruhusu uongeze. Zamani walipima kwa kuangalia kipande cha shaba kimebondeka kiasi gani. Siku hizi kuna kihisio cha umeme. Ni vipimo viwili tofauti na havilinganishwi tarakimu kwa tarakimu. Mimi cha zamani ningekiacha kabatini. Baruti yenyewe hubadilika kidogo toleo hadi toleo, sembuse miaka 40.

Sasa fanya hivi. Chukua kitabu kipya chenye kichwa chako hasa, jina na aina, si uzito peke yake. Anza na kipimo chake cha kuanzia. Kama vitabu viwili vipya vinahusu vitu vilevile, anza na kilicho cha chini. Kama hakukuandikwa cha kuanzia, shuka asilimia 10 kutoka cha juu. Panda nusu grein nusu grein, risasi chache kila hatua. Bolti ikiwa nzito, au fataki imelala bapa kama senti, simama hapo. Lakini usisubiri dalili hizo, maana mara nyingi huja shinikizo likiwa limeshapita mpaka. Azima kifaa cha kupima kasi. Ukifikia kasi ya juu ya kitabu, kwa mtutu wa urefu uleule, umefika, hata kama mizani inasema bado una grein ya kuongeza. Kasi haiji bure.

Na ukirudi Kigoma likizo, mambo haya yaache Idaho. Kule huwezi kujitengenezea risasi uani kama unakaanga dagaa.

Nitumie picha ya kopo la baruti, herufi zionekane, na ya boksi la vichwa. Kisha tutafungua vitabu pamoja.