Video na Sauti kwenye Linux: Maswali ya Wasomaji

Nimeweka Ubuntu 24.04. Video nilizopiga kwa simu zinagoma kufunguka. Je, niweke VLC tu?

VLC itakutoa, kwa sababu inakuja na kodeki zake (vipande vya programu vinavyofungua video na sauti zilizobanwa). Lakini programu nyingine zitaendelea kugoma, kwa hiyo bora utibu mfumo mzima. Fungua terminali uandike:

`sudo apt install ubuntu-restricted-extras`

Katikati ya kazi kutatokea ukurasa wa masharti ya fonti za Microsoft. Kipanya hakifanyi kazi hapo. Bonyeza Tab mpaka OK iwake rangi, kisha Enter. Ukiifunga terminali kwa kudhani imeganda, usakinishaji unabaki nusu. Malizia kwa `sudo dpkg --configure -a`.

Ndugu wataalamu, kompyuta yangu ni Core i5 ya kizazi cha 4, RAM GB 8. Filamu nyingine zinateleza vizuri, nyingine zinakwama huku feni ikipiga kelele. Niongeze RAM?

Usitupe hela. Tatizo si RAM. Sakinisha mpv (programu ya kuchezea video), cheza filamu inayokwama, kisha bonyeza herufi i. Ukisoma hevc, umempata mchawi: H.264 na HEVC ni namna mbili za kubana video, HEVC ikiwa mpya zaidi; chipu ya picha ya Intel ya kizazi hicho inafungua H.264 yenyewe, lakini HEVC mzigo wote unaangukia prosesa. HEVC ya kawaida ilianza kupata msaada kamili kizazi cha 6, na ile ya biti 10 (yenye rangi nyingi zaidi) kizazi cha 7.

Hata hiyo H.264 inahitaji draiva. Kwako ni `i965-va-driver`; kuanzia kizazi cha 5 ni `intel-media-va-driver`. Hakikisha kwa amri ya `vainfo`, kisha kwenye faili `~/.config/mpv/mpv.conf` andika `hwdec=auto-safe`.

Filamu za HEVC zigeuze ziwe H.264, usiku ukiwa umelala, maana kazi hiyo huchukua saa:

`ffmpeg -i filamu.mkv -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -crf 21 -pix_fmt yuv420p -c:a copy filamu720.mkv`

Kipande cha `yuv420p` wengi hukiacha. Bila hicho, filamu ya biti 10 inatoka H.264 ya biti 10, ambayo chipu yako haiifungui pia, na umerudi kulekule.

Nimeunga TV kwa HDMI, picha ipo, sauti inatoka kwenye spika za kompyuta.

Ingia kwenye mipangilio ya sauti, uchague HDMI kama mahali pa kutolea sauti. Isipoonekana, sakinisha `pavucontrol` na ubadilishe profaili kwenye ukurasa wa Configuration. Ikigoma bado:

`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Hapo usitangulize sudo. Huduma hizi ni za mtumiaji, si za mfumo. Na kama kompyuta inatoa VGA kupitia adapta, kumbuka VGA haibebi sauti kabisa.

Maandishi ya tafsiri yanachelewa kwenye VLC.

Bonyeza G kuyawahisha, H kuyachelewesha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50. Yakianza sawa halafu yakazidi kuachana na mazungumzo, G na H hazitakusaidia: faili la .srt (lenye maandishi hayo) lilitengenezwa kwa toleo la fremu 25 kwa sekunde na lako ni la 24, au kinyume chake. Tafuta .srt inayolingana na toleo lako.