Kabla hujalipia "mastère" ya Ufaransa, fungua ukurasa wa mwisho

Kila mwaka ikikaribia Oktoba, wadogo zangu wananitumia vipeperushi vya shule za Ufaransa kwa WhatsApp, na swali ni lilelile: "Kaka, hii nayo ni masters?" Nilisoma uzamili Montpellier, chuo kikuu cha umma, kwa hiyo wananiona mjuzi. Huwa nawajibu: nitumie ukurasa wa mwisho.

Kipeperushi cha juzi kilikuwa na wanafunzi wanaocheka, mnara wa Eiffel nyuma yao, na neno "Mastère" limechapwa kubwa kama bango la mkutano wa injili. Ada ni maelfu ya yuro kwa mwaka. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kwa herufi za kuhitaji miwani, kumeandikwa "titre RNCP niveau 7". Basi hapo ndipo shule imesema inauza nini hasa.

Serikali ya Ufaransa inalinda jina "master". Cheti chake kinaitwa "diplôme national de master": miaka 2 baada ya licence, yaani digrii ya kwanza, ya miaka 3, krediti 120. Shule kubwa za uhandisi na biashara nazo zina vyeti vinavyobeba hadhi hiyohiyo, wao wanasema "grade de master". Lakini "mastère" peke yake hailindwi na mtu, na shule yoyote ya binafsi inaweza kuichapa. RNCP ni daftari la taifa la sifa za kikazi, na ngazi ya 7 inamwambia mwajiri kiwango chako cha ujuzi. Si uongo, na wapo waliopata kazi nzuri kwa vyeti hivyo. Ila ukitaka kuendelea na uzamivu, au ukirudi nyumbani TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, ikaanza kukitathmini cheti chako, ndipo utakapotamani ungeuliza mapema. Waandikie shule swali moja tu: je, cheti hiki kinatoa "grade de master"? Wakikujibu kwa aya tatu bila ndiyo wala hapana, umeshajibiwa.

Halafu kuna Mastère Spécialisé, maneno yote mawili, na hii ni kitu kingine kabisa. Ni nembo ya Conférence des Grandes Écoles, umoja wa zile shule kubwa, tangu 1986. Inamlenga mtu ambaye tayari ana miaka 5 ya elimu ya juu, au 4 pamoja na uzoefu wa kazi wa miaka 3. Krediti ni 75, kwa kawaida mwaka mmoja hivi: madarasa, kisha miezi 4 au zaidi ndani ya kampuni, na tasnifu ya kikazi. Kwa mwongoza ndege au mhandisi wa uwanja wa ndege aliyekwishafanya kazi, ile ya ENAC, shule ya usafiri wa anga kule Toulouse, naona ina maana sana. Kwa kijana aliyemaliza digrii ya kwanza mwezi uliopita, hapana. Na usiitegemee kama daraja la kwenda uzamivu, maana haitoi ile hadhi ya master.

Madaktari wananiuliza kidogo, lakini wao wana njia yao, vyeti viwili vya mafunzo ya ubingwa: DFMS kwa aliye katikati ya mafunzo ya ubingwa, DFMSA kwa aliyekwisha kuwa bingwa. Unafanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, na maombi hupitia ubalozi wa Ufaransa. Kifaransa kinadaiwa kweli, ngazi ya B2. Cheti hicho hakikupi ruhusa ya kutibu Ufaransa, kwa hiyo ni cha mtu anayerudi Bujumbura au Lubumbashi kuendesha wodi.

Ada za vyuo vya umma zimewatisha wengi bure. Tangu 2019 mwanafunzi wa uzamili kutoka nje ya Ulaya amepangiwa ada kubwa. Mwaka huo ilikuwa yuro 3,770 wakati Mfaransa analipa 243, na tangu hapo zimepanda kidogo. Ila vyuo vingi vimekuwa vikisamehe tofauti hiyo, ama kwa wote ama kwa wachache. Uliza kabla hujakifuta chuo kwenye orodha yako. Uzamivu haumo kabisa kwenye mpango huo: unalipa sawa na Mfaransa, karibu yuro 400 kwa mwaka. Tena ukipata mkataba wa uzamivu wewe ni mwajiriwa, una mshahara na likizo. Kuna pia CIFRE, iliyoanza 1981, ambapo kampuni inakuajiri, maabara inakusimamia, na serikali inaichangia kampuni. Mimi mtu akiniuliza kipi kina thamani kuliko vyote Ufaransa, namwambia uzamivu wenye mkataba, bila kufikiri mara mbili.

Lugha sasa. Programu za Kiingereza zipo nyingi, na darasani utapita vizuri. Shida inakuja kwenye kutafuta stage, ile tunayoiita fildi. Ikizidi miezi 2 kampuni inalazimika kisheria kukulipa, kwa hiyo inachagua, na nje ya Paris usaili mara nyingi unafanyika kwa Kifaransa. Anza kujifunza Kifaransa pale Alliance Française ukiwa bado Dar au Nairobi.

Jambo dogo lenye uzito: alama zao ni juu ya 20, na 14 ni alama ya kumpigia mama simu. Profesa akiona asilimia 65 yako hajui ni nzuri au ya kawaida. Ambatanisha kile kipande cha transkripti kinachoeleza madaraja ya chuo chako.

Kuhusu Eiffel, msaada wa masomo wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Ufaransa: huombi mwenyewe, chuo ndicho kinachokupendekeza, na umri kwa uzamili unaishia miaka 25. Mwisho wa kitaifa ni Januari, lakini vyuo hufunga dirisha lao la ndani Novemba au Desemba. Mwandikie mkuu wa programu Oktoba, barua fupi, ukieleza ulichosoma, unachotaka kufanya baadaye, na kwa nini programu yake ndiyo inayounganisha hayo mawili. Ukisubiri Januari atakujibu kwa adabu zote kwamba majina yalishakwenda.