Cherehani ya mama, ngozi ya babu na chemli kumi na moja

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanazunguka jambo moja: vitu vya zamani vikae vipi ndani ya nyumba ya sasa bila sebule kugeuka makumbusho. Nimechagua sita. Ambaye hakuona lake avumilie, zamu yake inakuja.

Shikamoo mama. Marehemu mama yetu alituachia cherehani ya Singer, ile ya kukanyaga. Kaka anataka tuwapimie kilo watu wa vyuma chakavu. Mimi nataka iwe meza. Nani yuko sahihi? (Binti wa Njiro, Arusha)

Marahaba mwanangu. Kaka yako asiiguse kwanza mpaka tumalize kuongea.

Bado inashona? Ifute vumbi, tia mafuta ya cherehani kwenye matundu yote, halafu zungusha gurudumu la mkono taratibu. Likizunguka bila kukwama, usiifanye meza. Mpelekee fundi wa barazani, ataipokea kwa mikono miwili, maana umeme ukikatika yeye anaendelea kukanyaga tu. Kama imekufa kabisa, hapo sawa, tuendelee.

Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha mashine, uiandike mahali. Namba za Singer hueleza kiwanda na miaka ya kutengenezwa; nyingine zilitoka Clydebank, Uskoti, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Haitakutajirisha, lakini mgeni akiuliza utakuwa na la kumsimulia chai ikimiminwa.

Kichwa kitoe, usikitupe wala usikipake rangi. Yale maua ya dhahabu yaliyofifia ndiyo uzuri wake. Kiweke juu ya kabati. Miguu ndiyo ya kufanyia kazi. Isugue kwa brashi ya waya mpaka kutu idondoke unga mwekundu, pitisha msasa, futa kwa kitambaa chenye thina, paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu ya mafundi wa mageti, ikikauka paka rangi ya mafuta. Na rangi yenyewe? Kila mtu hupaka nyeusi. Yangu niliipaka njano ya embe lililoiva, mume wangu akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akawa anawaonyesha wageni.

Juu weka ubao wa mninga kama mfuko unaruhusu. Hata mgrevilia wa shambani unafaa, ilimradi umekauka vizuri, la sivyo utapinda. Wanaopenda kuona yale mapambo ya chuma huweka kioo cha milimita 10; mwambie fundi vioo akusagie kingo. Watu wengi husahau kitu kimoja: kanyagio na gurudumu bado vinazunguka. Vifunge kwa waya kabla mtoto hajaingiza kidole.

Nimenunua kabati la mbao lililotumika. Kila asubuhi nakuta unga mweupe chini yake. Muuzaji anasema ni vumbi la safari. (Msomaji wa Majengo, Moshi)

Safari gani hiyo isiyoisha? Hao ni bungua, wako ndani wanakula. Fagia, tandika karatasi nyeusi chini, subiri siku tatu. Unga mpya ukionekana chini ya vitundu, litoe nje leo hii, maana kabati la jirani yake ndilo litakalofuata.

Nunua dawa ya wadudu wa mbao kwenye duka la vifaa vya ujenzi, uvae glavu, uipige kwa bomba la sindano tundu kwa tundu, kisha paka mbao yote, hasa migongo na sehemu za chini ambazo hazikupigwa vanishi. Ufanyie uani, watoto wakiwa mbali. Baada ya wiki chache rudia. Jua pekee halitoshi, hata jua la Moshi. Unga ukikoma, ziba vitundu kwa nta. Vyombo vya kulia visirudi humo mpaka harufu iishe kabisa.

Dada, mume wangu anasema sebule yetu imekuwa stoo. Nina redio tatu, pasi mbili za mkaa, vibuyu, kreti la soda la mbao, taipureta, na saa ya ukutani isiyotembea. Je, ananionea? (Mama wa Shanty Town, Moshi)

Hakuonei, mdogo wangu. Mpe pole kwa niaba yangu. Huu ugonjwa naujua, niliupata Kiboriloni, soko ambalo sijawahi kurudi kutoka huko mikono mitupu.

Wakati fulani nilinunua chemli 11. Nikazisafisha vioo, nikazining'iniza zote juu ya meza ya chakula, nikakaa kitini kuzitazama, nikajiona mbunifu wa kimataifa. Jirani akaingia kuomba chumvi. Akatazama juu, akanitazama mimi, akauliza kwa huruma: "Kwani mama, umeme wenu wameukata tangu lini?" Kesho yake nilishusha kumi. Imebaki moja, nimeiwekea balbu ndogo ya LED ndani, na hiyo moja kila mtu huisifia.

Siku hizi chumba kimoja kwangu kinapata kitu kimoja kikubwa cha zamani na kimoja cha kisasa cha kuchekesha. Vilivyobaki vinyamaze. Sebuleni nina kabati la vyombo la babu mzaa baba, lile la milango ya vioo vya kusukuma. Mbao sikuzigusa hata kwa msasa. Ila vishikio vya droo vilikuwa vimevunjika, nikaenda kununua wanyama wa plastiki wa kuchezea watoto: twiga, kifaru, mamba. Nikawakata katikati kwa msumeno wa chuma, nikawatoboa, nikapitisha skrubu, nikawapulizia rangi ya dhahabu. Sasa ukitaka kijiko unavuta kifaru kwa makalio. Wajukuu wanagombania kuandaa meza, jambo ambalo maneno yangu hayakuwahi kulifanikisha.

Kwako wewe: taipureta ibaki, peke yake, mezani, na karatasi ndani yake ili mgeni aandike jina. Pasi moja ya mkaa iwe ya kuzuia mlango, ina uzito wa kutosha. Kreti lihamie jikoni likae vitunguu. Saa itengenezwe au iondoke; saa iliyosimama inachosha. Vibuyu gawia ndugu. Na kama dari lako ni lile la jipsamu lenye taa za bluu na zambarau, zizime. Huwezi kuweka disko na makumbusho chumba kimoja.

Nina redio kubwa ya mbao ya marehemu babu. Naweza kuichomeka nione kama inaongea? (Kijana wa Usa River)

Usithubutu. Nyingi za aina hiyo ni za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, na kapasita zake za zamani, yaani vifaa vya kutunza umeme, zikipewa umeme ghafla zinaweza kupasuka au kuwaka moto. Nyaya nazo hukauka mpira ukabaki waya mtupu. Kama unataka iongee kwa sauti yake yenyewe, mtafute fundi redio mzee. Vijana wa simu wataishangaa tu.

Njia rahisi ni kukata tamaa kwa heshima. Fungua mgongo, weka spika ndogo ya bluetooth nyuma ya kile kitambaa, funga. Usikate chochote wala usitoe mashine ya ndani. Redio ya babu inapiga bongofleva na hakuna anayejua sauti inatoka wapi.

Babu alikuwa mzee wa ukoo huko Machame. Kwenye sanduku lake tumekuta ngozi ya mbega. Nataka kuiweka kwenye fremu, itundikwe sebuleni. (Msomaji wa Moshi)

Usiitundike. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ngozi ya mbega ni nyara ya serikali, kama lilivyo jino la tembo. Kukaa nayo bila kibali ni kosa, hata kama babu aliivaa kabla hujazaliwa. Usiiuze, usimgawie rafiki, usiipige picha ukaiweka mtandaoni. Ongea na mwanasheria kwanza, kisha nendeni naye ofisi ya wanyamapori muulize utaratibu.

Kama ipo picha ya babu akiwa ameivaa siku ya shughuli, hiyo ikuze ukubwa wa mlango ukipenda.

Nimepanga chumba kimoja na mama mwenye nyumba hataki hata msumari mmoja ukutani. Nifanyeje? (Dada wa Sakina, Arusha)

Basi kila kitu kisimame au kiegemee. Chukua debe tupu la rangi, simamisha mwanzi katikati, jaza zege, acha likauke. Pitisha waya wa taa kwenye mwanzi, juu kabisa vika kikapu cha ukindu kama kofia. Balbu iwe LED, maana zile za kizamani zinachoma kikapu. Debe lipake madoadoa ya chui.

Ukutani egemeza khanga. Seremala akutengenezee fremu nyepesi, uivute khanga ikaze, uipigilie nyuma kwa pini, pindo na jina vionekane vyote. Khanga huuzwa kwa doti, kwa hiyo kipande cha pili kinatoa mito miwili. Ukiipata ya zamani kwenye sanduku la bibi, iliyofifia kwa kufuliwa, ni nzuri kuliko mpya.

Ila soma jina kabla ya kuiegemeza. Khanga za kusuta zina mahali pake, na si mbele ya kiti atakachokalia mama mwenye nyumba akija kudai kodi.