Mdogo wangu unayeingia chuo mwaka huu, ijue ofisi ya mshauri wa wanafunzi kabla hujaihitaji

Nimeona watu wanaposti majina yao ya kuchaguliwa vyuo na mimi nafurahi nao kabisa, alafu moyoni nabaki na wasiwasi, mana najua wengi mtafika mna begi, ndoo, godoro na hela iliyochangwa na ukoo mzima, na hakuna atakayekaa na wewe chini akwambie siku ukikwama unaenda mlango gani. Ile wiki ya kwanza ya kuwapokea wanafunzi wapya huwa wanaeleza, sikatai, ila ukumbini mko mamia kwa mamia, spika zinakwaruza, wewe unawaza chumba na bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Mimi nilikaa viti vya nyuma nachati. Nilikuja kulipia mwaka mzima kwa kutosikiliza dakika ishirini zile.

Semista ya pili ya mwaka wa kwanza baba yangu alifariki. Nilipigiwa simu usiku, alfajiri nikawa stendi ya Magufuli pale Mbezi natafuta basi la Singida, na kitu pekee nilichofanya kuhusu chuo ni kumtumia CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, meseji kwamba nimefiwa nimeenda nyumbani. Akanijibu pole sana dada, nikajua basi chuo kimejua. Chuo hakikujua chochote. CR ni mwanafunzi mwenzako, meseji yake haina faili wala muhuri, na lekchara aliyekuja darasani na jaribio aliniona mtoro kama watoro wengine. Nilikaa msibani karibu wiki mbili, majaribio mawili yakanipita.

Kurudi ndo kulikua kubaya zaidi. Watu wanadhani ukishazika umemaliza. Tulikua tunalala dabodeka, mimi kitanda cha chini, na zile mbao za kitanda cha juu waliotangulia waliandika majina yao na miaka yao kwa kalamu, mpaka leo nayakumbuka kwa mpangilio mana nilikua nalala chali nayasoma tu, mchana unapita, wenzangu wanaenda kwenye vipindi wanarudi wananikuta vile vile. Sikua nalia hata. Nilikua nimechoka tu, kuoga kazi, kula kazi, simu ya mama ikiita naigeuza uso chini kwasababu nikipokea atasikia sauti. Mitihani ya mwisho ikafika, mitatu nikajikokota nikafanya, miwili asubuhi zake sikuweza kuinuka kitandani, nikajiambia nitafanya sapu, mtihani wa marudio, kama wengine.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Ukiingia kwenye mtihani ukafeli, kwa kawaida unapewa sapu. Usipotokea kabisa kwenye mtihani bila ruhusa ya maandishi, vyuo vingi vinahesabu umetoroka mtihani, na adhabu yake ni disko, yaani unaondolewa chuo. Kwahiyo mwenye sifuri kwenye karatasi yupo salama kuliko aliyelala chumbani anaumwa bila barua. Mimi sikulijua hilo mpaka matokeo yalipotoka na jina langu likawa kwenye orodha ya walioondolewa.

Nilipoenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi nilimkuta mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu kaa, nikaanza kueleza, nilipofika kwenye kifo cha baba sauti ikakatika. Alinisubiri. Alafu akavuta droo akatoa karatasi moja akaisukuma mbele yangu, akasema, "Mwanangu, mbona hukuja? Fomu yenyewe ndo hii." Ni ukurasa mmoja. Jina, namba ya usajili, kozi, sababu, viambatanisho, saini yako, saini ya mkuu wa idara. Fomu ya kuomba kuahirisha mitihani. Ningeijaza kabla ya siku ya mtihani ningekuja kufanya ile miwili baadae kama mtihani wa kwanza, mambo yangeisha. Nakumbuka nilivyokua naiangalia ile karatasi, ilikua na alama ya duara ya kikombe cha chai pembeni.

Nilikata rufaa. Nikatumiwa kutoka nyumbani kibali cha mazishi na barua ya mtendaji wa kijiji, nikapata na karatasi ya daktari, nikaandika barua yangu, nikasubiri wiki kadhaa ambazo sizitamani. Walinikubalia nirudie mwaka. Bumu lilisimama mwaka ule wa kurudia, na mama yangu aliyekua hajamaliza hata arobaini za mume wake kichwani ndo alianza kuuza mahindi ili mimi nile. Ndo maana naandika hivi.

Kwahiyo fanya hivi, na ufanye mapema. Wiki ya kwanza ukiwa mzima na huna shida yoyote, tembea kwa miguu mpaka ofisi ya mshauri wa wanafunzi, jua ilipo, jua inafunguliwa lini, uliza fomu ya kuahirisha mtihani na ya kuahirisha masomo zinapatikana wapi. Uliza pia zahanati ya chuo na ofisi ya ushauri nasaha. Siku ukifiwa au ukiumwa hutakua na akili ya kuulizia njia. Likikupata jambo, andika barua hata kama fupi, toa nakala mbili, moja iache ofisini na nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uipige picha ujitumie kwenye imeili yako. Karatasi za chuo zinapotea sana, muhuri wako ndo ushahidi. Ukiwa mbali mpigie ndugu au rafiki unayemwamini akupelekee. Na ukitibiwa hospitali ya nje, rudi na zile karatasi zahanati ya chuo waziangalie wazithibitishe, mana vyuo vingi havipokei cheti cha daktari wa nje hivi hivi. Bima ya mwanafunzi ya NHIF, wakati wangu ilikua 50,400 kwa mwaka, watu wanailalamikia mpaka siku wanapopelekwa usiku na apendiksi.

Ushauri nasaha nao niuongelee kidogo kwasababu kuna maneno ya ajabu mtaani. Ukisema unaenda kuongea na mshauri watu wanakutania unapelekwa Mirembe, kama vile Mirembe ni tusi, wakati ni hospitali ya wagonjwa wa akili na imeponya watu wengi. Mimi nilienda mara sita. Hakuna sindano, hakuna kufungiwa, unakaa kwenye kiti unaongea, unaulizwa maswali, unapewa vitu vidogo vya kufanya, kama kutoka nje asubuhi kabla ya saa mbili hata ukizunguka jengo tu ukarudi. Mara ya kwanza nililia saa nzima na sikusema cha maana. Mara ya tatu nikaanza kulala usiku. Na ulichosema pale hakipelekwi kwa lekchara wako, muulize mwenyewe mshauri siku ya kwanza akueleze anatunzaje siri, ana wajibu wa kukujibu.

Hela. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka 8,500 kwa siku mpaka 10,000 mwaka wa masomo 2022/2023, na inaingia kwa mafungu ya kama siku sitini, kwahiyo unaona laki sita imeingia kwa mpigo na hujawahi kushika hela hiyo maishani. Siku ile ile lipa kodi, nunua mchele, maharage, unga, mafuta na gesi, na kwa mama ntilie unayemwamini unaweza ukalipa chakula kabisa. Bumu likichelewa usikae chumbani unalaumu, mara nyingi ni jina kwenye akaunti ya benki halifanani na la cheti cha fomu foo, au hujakamilisha usajili, au hukusaini, nenda kwa afisa mikopo wa chuo na ukikwama hapo mtafute waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi, hao kazi yao ni hiyo. Ila usiguse zile programu za mikopo ya kwenye simu. Kausha damu zile. Unakopa elfu hamsini, baada ya wiki wanampigia mama yako, mchungaji wako na kila namba iliyomo kwenye simu yako wanakutangaza tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokua zinakopesha mtandaoni bila leseni, ujue ni kiasi gani zimezagaa. Bora umwambie mtu una njaa. Kweli kabisa, mwambie mtu una njaa.

Chumba: kubebana, yaani kulala kwenye chumba cha hosteli alichopewa mwenzako, kupo na kutaendelea kuwepo, siwezi kumhukumu mtu nami nilibebwa wiki tatu za mwanzo. Ila jua kwamba ukibebwa hakuna orodha yoyote yenye jina lako kwenye jengo lile, moto ukitokea au ukizidiwa usiku hakuna anayekutafuta. Mwambie hata mtu mmoja nyumbani unalala jengo gani chumba namba ngapi. Na ukipanga mtaani usimpe dalali hela hujaona chumba kwa macho, nenda usiku mara moja uone njia ikoje, taa zipo au hamna, ukishuka kwenye mwendokasi unatembea dakika ngapi gizani. Mchana kila mtaa ni mzuri.

Kwa wadogo zangu wa kike hasa, na wa kiume pia mana yanawapata na hawasemi. Lekchara au yoyote mwenye mamlaka juu yako akikutaka kimapenzi ili akupe alama, hilo ni kosa la jinai, lipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Usifute meseji hata moja. Andika tarehe, saa, alisema nini, nani alikuwepo. Usiende kwenye hiyo "konsaltesheni" ya saa mbili usiku wala ya hotelini, mjibu kwa meseji kwamba utakuja ofisini saa za kazi na mwenzako. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113 bure, na vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia. Usiende kwa rafiki yake yule mtu kwenye idara ile ile ukidhani atakusaidia kimya kimya.

Na likitokea baya zaidi, umebakwa, naomba ukumbuke namba moja tu, masaa 72. Ndani ya hayo masaa unaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinaitwa PEP, na kadri unavyowahi ndo bora zaidi, na dawa ya kuzuia mimba pia. Usioge, usifue nguo, ziweke kwenye mfuko wa karatasi sio wa nailoni. Polisi kuna dawati la jinsia na watoto, fomu inaitwa PF3, na hospitali kama Amana hapa Dar ina kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na mshauri unawapata sehemu moja. Nenda na mtu. Kama hali yako ni mbaya anza hospitali, uhai kwanza, karatasi zitafuata. Hata kama ulikunywa, hata kama ulimfuata mwenyewe chumbani kwake, bado unastahili kutibiwa na kusikilizwa.

Mwisho nizungumze na wewe ambaye huna shida yoyote ila mwenzako wa chumbani amenyamaza. Siku moja kabla sijaenda kwenye ile ofisi, dada mmoja wa chumba cha jirani, ambaye hata hatukua marafiki, alisukuma mlango akaingia na chapati mbili kwenye sahani na chai kwenye kikombe cha plastiki. Hakuniuliza una nini. Hakuniambia jikaze au muombe Mungu. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akasubiri nile, nilikula nusu chapati kwa muda mrefu sana, alafu akaangalia chini ya kitanda akatoa ndala zangu akaziweka sawa kwenye sakafu, akasema, "Kesho saa tatu nakupitia, twende wote." Na saa tatu alikuja kweli, amevaa, na alikua amekosa kipindi chake. Njia nzima alikua anaongelea bei ya nyanya. Alikaa kwenye benchi la nje pale ofisini mpaka nilipotoka, karibu masaa mawili.

Kama kuna mtu kwenye korido yako hujamwona bafuni siku tatu, gonga mlango leo jioni. Nenda na kitu cha kula.