Zero ya Akutan: ianze rangi ipi, ya Kijapani au ya Kimarekani?

Swali: Shikamoo fundi. Nina boksi la modeli ya Mitsubishi A6M2 Zero, ndege ya kivita ya Kijapani, kipimo cha 1/48. Nataka niijenge kama ile iliyotekwa Alaska mwaka 1942 ikaenda kurushwa Marekani. Je, nipige kwanza rangi ya Kijapani na duara lake jekundu, kisha nifunike na ya Kimarekani? Na niichakaze kiasi gani?

Jibu: Marahaba. Piga kijivu cha Kijapani ndege nzima, ila duara jekundu liache. Rangi nyekundu hupenya mikono ya rangi inayofuata, na ukingo wake utabaki umeinuka chini ya bluu ya Kimarekani. Kwa kipimo chako, ukingo huo utaonekana mnene kuliko rangi yoyote ya ndege halisi. Ukitaka mtazamaji ahisi kwamba palikuwa na alama, kata duara kwenye karatasi, changanya bluu yako na tone la nyeupe, upulize ukungu mwembamba hapo tu.

Kwenye kuchakaza ndipo wengi wanapoiharibu. Wakisikia ndege imetekwa, wanaibambua mpaka alumini inatoka kila kona. Hebu fuata ilikopita. Tarehe 4 Juni 1942, ndege ya rubani Mjapani Tadayoshi Koga ilipigwa risasi kwenye bomba la oili katika shambulio la Dutch Harbor, kambi ya Wamarekani huko Alaska, naye akaenda kutua kisiwa cha Akutan. Kile kilichoonekana kuwa uwanja wa nyasi kilikuwa tope tupu. Magurudumu yakanasa, ndege ikapinduka, naye akafa humo humo. Wamarekani waliiona kutoka angani tarehe 10 Julai. Ilisafirishwa hadi San Diego, ikatengenezwa na kupakwa rangi upya, na Eddie Sanders, rubani wa Jeshi la Majini la Marekani, akairusha tarehe 20 Septemba. Kufikia 15 Oktoba alikuwa ameshairusha mara 24. Kwa hiyo katika majaribio hayo rangi ya Kimarekani haikufikisha hata mwezi juani. Ndege yako iwe safi.

Pa kuchakaza ni mahali pamoja tu: shina la bawa la kushoto, rubani anapokanyaga akipanda. Kijivu kikishakauka usiku kucha, puliza hapo spreya ya nywele, ile ya saluni, kisha bluu ya akriliki iliyolegezwa mpaka iwe kama maziwa, kwa presha ya kama baa 1. Baada ya nusu saa lowesha brashi ngumu, sugua taratibu. Kinachotokeza kiwe kijivu cha Kijapani, si chuma. Hapo ndipo ndege inapojieleza yenyewe kwamba ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Nguvu zako zilizobaki zipeleke kwenye matengenezo, maana hayo ndiyo yanayoitofautisha na Zero nyingine yoyote. Kwa kuwa ilipinduka juu chini, mafundi walishughulikia ncha za mabawa, mkia wa wima na usukani wake, flapu na kioo cha rubani. Kwenye modeli, ncha ya bawa, ile inayokunjika, ni takriban sentimita 1. Izungushie tepu uipe bluu iliyokolea kidogo kuliko bawa. Mkia wa wima upige praima mikono miwili, uipitishie msasa namba 2000 mpaka mistari ya mabati ififie, ufanane na kitu kilichonyooshwa. Pangaboi la boksi litumie lilivyo: mapanga matatu yaliyotengenezwa na kampuni ya Sumitomo yalisawazishwa yakarudishwa. Chumba cha rubani kibaki na kijani cha Mitsubishi.

Ukifika kwenye eleroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege upande, zisafishe kwa uangalifu, ziko pana na zinaonekana. Sanders aligundua kwamba ndege ikizidi mwendo wa noti 200 (kama kilomita 370 kwa saa) zinakuwa nzito kupita kiasi, na kwamba injini inakatika rubani akisukuma usukani mbele ghafla. Marubani wa Marekani waliambiwa hayo, wakajua namna ya kuikwepa Zero iliyokuwa nyuma yao.

Sasa alama. Juu ni bluu ya kijivujivu, chini kijivu hafifu. Nyota iwe nyeupe ndani ya duara la bluu, bila kitone chekundu katikati, kwa sababu kilifutwa Mei 1942, na bila vipande vyeupe pembeni, ambavyo vilikuja mwaka 1943. Stika nyingi za akiba zina vipande hivyo, basi vikate kwa wembe kabla hujatia majini. Piga vanishi ya kung'aa kwanza, bandika, acha ikauke, ndipo umalizie na vanishi isiyong'aa.